Binti yangu hanisemeshi tena, au mimi ndiye niliyeanza?

#1 Fundi Bomba Kinyerezi

Wakuu, habari za jioni. Jukwaa hili nalisoma miaka mingi, ila huwa nasoma napita. Leo imebidi nianzishe uzi. Ni mrefu, mwenye haraka anisamehe.

Nina watoto wawili. Wa kwanza binti, miaka 13, kidato cha kwanza shule ya kata, anakwenda na kurudi. Wa pili wa kiume, miaka 9. Mimi ni fundi bomba, natembea na pikipiki, nyumbani nafika saa mbili usiku, nikiwahi sana saa moja.

Huyu binti tangu ajue kutembea, akisikia mlio wa pikipiki yangu anatoka mbio. Atang'ang'ania mkoba wa vifaa ambao hata kuunyanyua hawezi, halafu mkono unaingia mfuko wa kulia wa koti kutafuta karanga au ubuyu. Nikirudi mikono mitupu nanuniwa mpaka niahidi kesho. Wakati wa kula yeye ndiye redio ya nyumba: nani kachapwa, mwalimu gani kaanguka na baiskeli, mama wa maandazi kagombana na nani. Mama yake alikuwa anamwambia, "Mwache baba yako ameze kwanza."

Mwaka jana mwezi wa sita, akiwa darasa la saba, akavunja ungo. Mama yake aliniambia usiku kwa sauti ya chini, utadhani analeta habari ya msiba. Wiki ile ile mama yangu akaja kutoka Kisarawe. Sisi Wazaramo. Alikaa siku nne chumbani na mjukuu wake, walizungumza nini sijui na wala si haki yangu kujua. Siku ya kuondoka nikampeleka stendi. Kabla hajapanda gari akaniambia: "Yule sasa mtu mzima. Usimpakate, usimpandishe mbele kwenye pikipiki, na chumbani kwake usiingie ovyo." Nikaitikia.

Nikatii, tena nikapitiliza. Akija kupokea mkoba, nampa mdogo wake. Akija kukaa karibu yangu kwenye kochi, nahamia kiti cha plastiki najifanya nataka kuona taarifa ya habari vizuri. Siku moja akaingiza mkono mfukoni kama kawaida yake. Nikaushika ule mkono nikamwambia, "Wewe sasa mkubwa, acha mambo ya kitoto." Akautoa taratibu. Na ubuyu ulikuwemo.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Nikirudi anatoka chumbani, "Shikamoo baba," anarudi ndani. Anakula kama mtu mwenye basi la kuwahi. Shule vipi? "Poa." Una nini? "Hamna." Nimelalamika kwa mama yake, kwa mdogo wangu, kwa jamaa wa kijiweni, kwamba mtoto kabadilika, ana dharau, simu za wenzake zimemwharibu.

Jumapili iliyopita nipo nje natengeneza pikipiki, huyu wa kiume ananishikia spana. Kimya kidogo, akaniuliza: "Baba, dada alikukosea nini?"

Nikasema hajanikosea kitu.

"Sasa mbona ulimnunia?"

Sikuwa na jibu. Nikamtuma maji ya kunywa ambayo sikuwa na kiu nayo.

Swali langu kwa mliopitisha watoto umri huu: narudi vipi pale nilipotoka, bila kuvunja kile alichoniagiza mama? Nawasilisha.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Kahawa inakuja.

#3 Mama Watatu Moro

Pole sana baba. Ila usijibebeshe yote. Sisi wengine hatukuhama kochi, na watoto walihama wenyewe.

Wangu wa kati ni wa kiume, miaka 14. Alikuwa mtoto wa kuning'ang'ania kanga mpaka dukani. Sasa chakula anakula chumbani, na chumba chenyewe analala na mdogo wake, wamegawana kwa pazia. Mdogo akivuka pazia ni vita. Tunagombana kila siku na ukiniuliza tuligombania nini jana, naona aibu kukutajia. Ndoo ya maji haikurudishwa. Soksi chini ya kiti. Nywele. Namwita, anajibu "nakuja", na hiyo nakuja ina dakika arobaini ndani yake.

Siku moja nikajisikiliza mwenyewe toka asubuhi mpaka usiku. Amka. Oga. Umepiga mswaki? Funga mlango. Shati umefua? Punguza sauti. Zima taa. Nikajiuliza, hivi angekuwa mpangaji mwenzangu namsemesha hivi, si angeshahama?

Halafu kuna kitu nimekigundua, nikupe bure. Mimi napika vitumbua vya kuuza asubuhi, kwa hiyo usiku saa nne, saa tano nipo jikoni nachanganya unga ulale uumuke. Ndipo anapokuja. Hasemi ana maneno. Anafunua sufuria, anafunika. Anakunywa maji. Anasimama mlangoni. Baadaye ndiyo inatoka moja: "Mama, hivi mtu akikuambia kitu cha mtu mwingine, ukikaa nacho ni dhambi?" Hapo nisigeuke. Nikigeuka kumtazama usoni tu, kaondoka. Naendelea kukoroga unga wangu, naitikia "ehe". Mengi ninayoyajua ya mwanangu nimeyapata nikiwa nimempa mgongo.

#4 Kiboko ya Wahuni

Mnalea mayai. Sisi tulikuwa tukimwona mzee anaingia, sebule yote inasimama. Nani alikuwa anaulizwa "una nini"? Ukinuna, unapewa sababu ya kununa. Mtoto wa miaka 13 anamjibu baba yake "poa"? Mleta mada, shika mkanda.

#5 Mama Watatu Moro

Kaka, samahani, una watoto wangapi?

#6 Kiboko ya Wahuni

Mmoja. Ana miaka minne. Kwani hiyo inahusiana nini na mada?

#7 Mama Watatu Moro

Haihusiani. Tutaonana humu humu baada ya miaka tisa.

#8 Kiti cha Mbele

😂😂 Kahawa imepoa na bado sijaigusa.

#9 Rungwe Juu

Ugonile, wana jukwaa. Ngoja niwape ya kwetu, labda itamsaidia fundi.

Babu yangu alikuwa mtu wa Tukuyu. Zamani za baba zake, mtoto wa kiume wa Kinyakyusa akifika kama miaka kumi hakulala tena nyumbani kwa baba yake. Vijana wa rika moja walitoka, wakajenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha wazazi. Kadiri walivyokua, vile vibanda navyo vilikua, mwisho kikawa kijiji chao kamili, wakaoa na kukaa humo humo. Haya yameandikwa, si hadithi za kilabuni. Yule mama mtafiti Monica Wilson alikuja Rungwe miaka ya 1930 akayakuta.

Sababu kubwa ilikuwa heshima: si vizuri kijana aliyeanza kubalehe awe anasikia na kuona mambo ya usiku ya wazazi wake. Ila kilichonivutia zaidi aliponisimulia babu ni chakula. Vijana hawakupika. Walirudi kula kwa mama zao, tena kwa kundi. Leo wote wanaingia kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kwa hiyo mama hakumpoteza mwanawe, alimpata na wenzake kumi. Alijua mwanawe anatembea na nani kwa sababu wote wamekaa sakafuni kwake wanamaliza ndizi zake.

Mimi nipo Mbeya mjini, nyumba ya vyumba vitatu. Siwezi kumjengea kijana kijiji. Lakini Jumamosi nimeruhusu marafiki zake waje kwangu. Wanamaliza mchele, wanapiga kelele, mke wangu analalamika gesi. Hao marafiki ndio wanaonisimulia habari za mwanangu, yeye mwenyewe hanisimulii.

#10 Bi Somo

Baba Kinyerezi, assalam alaykum. Mimi mtu wa Maneromango, nimewahi kuwa somo (kungwi) wa wasichana wengi tu, kwa hiyo nitakusema kidogo, usichukie.

Ulichokifanya ni nusu ya mila. Mwali wa Kizaramo alikuwa anatiwa ndani, kweli. Zamani miezi mingi, wengine kupita mwaka. Siku hizi shule haziruhusu, zinabaki siku chache kama hizo nne za mama yako. Baba humwoni mwali, humsemeshi habari zile, ni kweli. Lakini uliza, mle ndani alikuwa peke yake? Alikuwa na somo wake. Alikuwa na shangazi yake, dada wa baba, ambaye neno lake juu ya yule mtoto lina uzito kuliko la mama. Alikuwa na bibi yake anayemwita mke mwenzangu, wanataniana mpaka matusi. Alikuwa na mwana hiti wake, yule mwanasesere wa mti, wa kumsuka na kumpaka mafuta. Kutwa nzima anasemeshwa, anafundishwa, anaimbiwa. Baba anasogea, watu watano wanakaribia. Na siku ya kutolewa ndani ni ngoma, mji mzima unamshangilia, baba naye anatoa fedha na anacheza!

Wewe umesogea, basi. Bibi amepanda gari kurudi Kisarawe. Shangazi yupo wapi? Somo ni nani? Ngoma ilichezwa lini? Mtoto alichoona yeye ni kwamba damu ilitoka na baba yake akahama kochi.

Mpigie dada yako. Usimwambie "njoo umseme". Mwambie njoo ulale kwetu siku mbili.

#11 Fundi Bomba Kinyerezi

Bi Somo, hiyo sentensi ya mwisho kabla ya dada yangu nimeisoma mara tatu. Ahsante. Dada yupo Chanika. Nampigia kesho.

#12 Mwalimu wa Zamu

Nichangie kwa upande wa shule. Nimefundisha sekondari miaka 16, na mara nyingi nimekuwa mwalimu wa malezi.

Kwanza saa. Shirika la Afya Duniani linahesabu umri wa balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Humo katikati saa ya mwili inasogea mbele. Ile homoni ya kuleta usingizi, melatonini, inachelewa kutoka usiku, kijana hasikii usingizi mapema kama alivyokuwa darasa la nne. Si ukaidi. Wataalamu wa usingizi wanasema wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa njoo Dar. Wanafunzi wangu wanaamka saa kumi na nusu alfajiri, kwa sababu makonda hawataki mtu wa nauli ya mwanafunzi, inabidi agombee gari la tatu au la nne. Ukimkuta saa mbili usiku, fundi, huyo mtoto ana zaidi ya saa 15 yupo macho, amesimama kwenye daladala mara mbili, ametolewa darasani kwa ajili ya soksi. Halafu swali la kwanza anaulizwa "shule vipi". Hata mimi ningesema poa.

Pili, utafiti ninaopenda kuwasimulia wazazi kwenye vikao. Mwaka 1996 Reed Larson na wenzake kule Marekani walichapisha habari za watoto 220 wa vitongoji vya Chicago, wa miaka 10 hadi 18. Waliwapa peja, kile kidude cha mfukoni kinacholia kikiitwa. Ikilia, mtoto anaandika yupo na nani, anafanya nini, anajisikiaje. Waliona muda wa kuwa na familia ukishuka kutoka asilimia 35 ya saa za kuwa macho hadi asilimia 14. Hao ni watoto wa Kizungu wa Chicago, msinirukie, hakuna ndoo wala daladala humo. Ila sikilizeni kilichobaki. Muda wa kuzungumza na kuwa wawili tu na mzazi haukuporomoka hivyo, ulikaa pale pale. Kilichoyeyuka ni ule wa kukaa kundi zima. Na kadiri walivyokua, watoto ndio walioona wanaongoza mazungumzo. Hali ya moyo wakiwa na familia ilishuka mwanzoni mwa balehe, kisha kwa wakubwa ikapanda tena.

Nikisema hivyo kwenye kikao kuna baba mmoja hunyoosha mkono kila mwaka, si yule yule, ila swali ni lile lile: "Kwa hiyo mwalimu tuwaache tu?" Hapana mzee. Ulizoea wewe unaanzisha na yeye anafuata. Sasa kaa mahali ambapo akitaka kuanzisha yeye, atakukuta. Kama mama wa vitumbua hapo juu, ambaye anafanya hivyo bila peja.

Tatu niliyotaka kusema ni ya shule za bweni lakini uzi utakuwa mrefu. Niseme tu siku ya kutembelea: mzazi amesafiri toka Singida na kuku mzima, mtoto anakula huku anaangalia wenzake, dakika ya ishirini anauliza "mtaondoka na gari la saa ngapi?" Mama analia kwenye basi. Usiku yule mtoto naye nimemkuta analia bwenini. Nimeyaona yote mawili siku moja.

#13 form three hapa

Shikamooni. Mimi si mzazi, nina miaka 16, natumia simu ya kaka. Naomba msinitoe.

Nimesoma wote mnasema watoto wamebadilika. Sawa. Lakini mkituuliza mnauliza kama polisi. Ulikuwa wapi, na nani, kwa nini, umepata ngapi. Nikijibu ukweli, kesho unatumika. Mwaka jana nilimwambia mama kuna mvulana aliniandikia barua. Nilimwambia kwa sababu niliogopa, sikumpenda yule kaka wala nini. Mama alinisikiliza vizuri, nikafurahi. Jumapili baada ya jumuiya nikasikia mama Fulani ananiambia, "Eti siku hizi unaandikiwa barua?" Na wote wanacheka. Tangu siku hiyo mama akiniuliza nasema hamna.

Mama hajui kama najua. Anafikiri nimekuwa na dharau.

Na huyo binti wa Kinyerezi, samahani baba, mimi nikikumbuka siku ya kwanza nilikuwa naogopa hata kupita karibu na baba, nilidhani anajua kwa kuniangalia. Angehama kochi ningekufa.

#14 Mama Watatu Moro

Mwanangu form three, marahaba. Hiyo ya jumuiya imenichoma, maana na mimi wa vitumbua nina mashoga zangu sokoni na mdomo wangu siuamini. Ahsante kwa kutuambia.

#15 Mdau wa Tabata

Nyote mnazunguka. Tatizo ni simu. Wangu nilimnunulia simu janja alipofaulu kwenda kidato cha kwanza, ndiyo siku niliyompoteza. Sasa kila Ijumaa nachukua, nasoma zote. Nyumba ni yangu, bando langu.

#16 Rungwe Juu

Na umekuta nini, mkuu?

#17 Mdau wa Tabata

Mwanzo nilikuta vingi. Siku hizi sikuti kitu.

#18 Mwalimu wa Zamu

Huko kutokuta kitu ndiko kungenitia wasiwasi mimi. Ana laini nyingine, au anafuta, au anatumia ya mwenzake. Sisemi mtoto wa miaka 12 aachiwe simu usiku kucha, hapana. Kwangu simu zote zinalala sebuleni saa tatu, na yangu ikiwemo, na hilo ndilo lililowauma wakubwa kukubali. Ila kusoma kwa siri na kuweka sheria iliyo wazi ni vitu viwili.

#19 Mdau wa Tabata

Nimekusikia. Sijakubali, ila nimekusikia.

#20 Mama wa Sauti

Nimekaa siku tatu najiuliza niandike au niache. Nipo Muscat tangu 2019, kazi za ndani. Binti yangu nilimwacha Tanga kwa mama yangu akiwa na miaka 8. Sasa ana 14.

Miaka ya mwanzo alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika tano, sita. Anaimba, ananisomea kitabu, ananiambia paka kazaa. Nausikiliza usiku nikimaliza kazi, nalala nao sikioni. Sasa nikimtumia wa kwangu ananirudishia kidole gumba. Basi. Kidole gumba. Tukipiga ya video anaelekeza simu kwenye ukuta.

Alivunja ungo mimi nipo napiga pasi kanzu za watu. Mama aliniandikia, "Mwanao amekua." Nikaendelea kupiga pasi maana zilikuwa kumi na mbili na mwenye nyumba anazitaka. Mwezi ule nikamtumia magauni mazuri, nimechagua mwenyewe sokoni Ruwi, moja la buluu lina mkanda. Mama akaniambia hayakumwingia hata moja. Nilikuwa nimenunua saizi ya mtoto niliyemwacha.

Fundi, wewe umehama kochi, na kochi lipo chumba kile kile. Mimi sina la kukushauri zaidi ya hilo.

#21 Bi Somo

Mama wa Sauti, mwanangu, njoo inbox. Tanga nina watu.

#22 Kiti cha Mbele

Hapa nimeacha utani.

#23 Fundi Bomba Kinyerezi

MREJESHO. Ni wiki ya tatu sasa, samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi Goba.

Kwanza nilimpigia mama Kisarawe. Nikamweleza yote, kochi, mkoba, mfuko. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema: "Mimi nilikwambia usimpakate. Nilikwambia usimsemeshe?" Akakata simu. Akapiga tena baada ya dakika kumi kunisalimia vizuri.

Pili, dada alikuja toka Chanika, akalala siku tatu badala ya mbili. Walisukana, wakapika, wakaenda saluni na sokoni. Sikuuliza kitu. Usiku wa kuondoka dada akanivuta uani, akasema kuna moja tu ataniambia kwa sababu mtoto mwenyewe kamruhusu. Binti yangu mwaka mzima alikuwa anaamini nilihama kochi kwa sababu ananuka. Alidhani naisikia harufu. Ndiyo maana anaoga mara tatu, ndiyo maana anakula haraka na kuondoka. Na mimi hapa nilishawahi kumgombeza kwa kumaliza maji ya ndoo.

Wakuu, form three alinidokeza humu na mimi nilisoma nikapita.

Nilitaka kumwita nimwombe radhi rasmi, mama yake akanizuia, akasema ukimwita sebuleni umweke kiti atajua kuna kesi. Nikangoja. Jumanne iliyopita sinki ya jikoni ikaanza kuvuja (ndiyo, kwa fundi bomba, chekeni). Umeme ulikuwa umekatika. Mdogo wake kalala. Nikamwita yeye anishikie tochi. Nikaingia chini ya sinki, naona bomba, na yeye namwona vidole vya miguu tu.

Nikiwa nafungua nati nikasema, "Mwaka jana ile siku ulivyotafuta ubuyu nikakushika mkono, nilikosea. Hukuwa na kosa lolote. Wala hukuwa na chochote kibaya. Bibi alinipa maagizo, nikayaelewa vibaya."

Hakujibu. Tochi ikahama kwenye bomba ikaenda ukutani.

Nikasema, "Mulika hapa."

"Namulika."

Ikarudi. Tukamaliza kazi bila neno jingine. Aliponipa ile tochi akaniuliza kwa nini bomba la plastiki halikazwi kwa nguvu kama la chuma, nikamweleza, akasikiliza hadi mwisho. Kiti cha plastiki nimekitoa sebuleni, kipo nje kwa ajili ya wageni wa mama yake. Nakaa kwenye kochi, upande wangu. Siku nyingine anakaa upande ule, siku nyingine hakai. "Poa" na "hamna" bado zipo, msidhani.

Juzi nilirudi na ubuyu. Sikuuweka mfukoni, niliuweka mezani tu karibu na chumvi nikaenda kuoga. Nilipotoka pakiti imefunguliwa nusu. Akasema, macho yapo kwenye daftari: "Baba, huu wa sukari tupu. Uwe unaleta ule mwekundu wenye pilipili."

Nimeshauulizia. Yupo mama anauza pale Segerea mwisho.

#24 Mama Watatu Moro

Segerea mwisho upande gani? Na mimi nina wa kupelekewa.

#25 Kiboko ya Wahuni

Na usio na pilipili upo hapo? Wangu ana miaka minne.